Msimbo wa hitilafu kwenye injini ya trekta: unasema nini hasa?

Trekta iko kazini, mara taa ya njano inawaka, injini inaishiwa nguvu, na kwenye dashibodi zinatokea namba kama 000110.03. Huo ndio msimbo wa hitilafu. Ni taarifa ya kompyuta ya injini kwamba saketi fulani ya umeme imeiletea kipimo isichoweza kukikubali. Saketi, yaani njia ya umeme, ina sensa (kifaa kinachopima), soketi, pini, waya na ethi (njia ya kurudisha umeme), na chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa kibovu. Wakulima wengi wanapotezea pesa hapo: fundi anasoma "joto la maji", ananunua sensa ya joto la maji, anaifunga, na taa inawaka tena kabla trekta haijafika shambani.

Namba hizo zina sehemu mbili. Trekta nyingi za kisasa hufuata J1939, kanuni ya mawasiliano ya mitambo mizito iliyowekwa na SAE, jumuiya ya wahandisi ya Marekani. Sehemu ya mbele, SPN, inataja kinachopimwa: 110 ni joto la maji ya injini, 100 ni presha ya oili, 102 ni presha ya hewa inayoingia kutoka kwenye turbo, 157 ni presha ya dizeli kwenye reli (bomba la pamoja linalogawia nozeli dizeli), 97 ni maji ndani ya dizeli. Sehemu ya nyuma, FMI, inaeleza aina ya tatizo. Wengi huishia kwenye namba ya mbele, wakati ya nyuma ndiyo inayokuelekeza mahali pa kuweka mita ya umeme. John Deere huonyesha zote mbili zikitenganishwa na nukta. Kampuni nyingine zina namba zao, na hapo itabidi ufungue kitabu cha modeli hiyo hiyo, si cha trekta inayofanana nayo.

Tuchukue hiyo 110.03, tukiacha sifuri za mwanzo, tuione kwa karibu. Kompyuta haioni maji, inaona volti. Sensa ya joto la maji aghalabu ina waya mbili, na ndani yake kuna kipande ambacho ukinzani wake (ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu) hushuka joto linavyopanda. Kwa sensa nyingi utapima omu 2,000 hadi 3,000 injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, na omu 300 hivi maji yakifika nyuzi 80. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia rezista (kipande chenye ukinzani maalumu) iliyo ndani yake, kisha husoma volti inayobaki kwenye waya. Maji yakiwa baridi volti iko juu, yakipata moto inashuka, lakini katika kazi ya kawaida haifiki 5 kamili wala haigusi sifuri. Ikipanda hadi 5, njia imekatika mahali, na kompyuta inaandika FMI 3. Ikianguka hadi sifuri, waya imegusa ethi au sensa imepiga shoti ndani, na hiyo ni FMI 4.

Kwa hiyo 110.03 unaweza kuichunguza kwa kipande cha waya tu. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa, unganisha matundu mawili ya soketi upande wa waya zinazotoka kwenye kompyuta, kisha washa swichi bila kupiga stata. Msimbo ukigeuka kuwa 110.04, waya ni nzima na kompyuta inasikia, basi ubovu uko kwenye sensa au pini zake. Ukibaki 03, njia imekatika kati ya soketi na kompyuta, na sensa mpya haitakusaidia chochote. Kama msimbo ulikuwa 110.04 tangu mwanzo, chomoa soketi uiache wazi. Ukigeuka kuwa 03, badilisha sensa. Ukibaki 04, tafuta mahali ambapo waya imechunika na kugusa chuma. Jaribio hili la kuunganisha ni la sensa za joto zenye waya mbili peke yake. Usilifanye kwenye sensa ya waya tatu.

Hizo za waya tatu ni za presha mara nyingi: waya moja huleta volti 5, nyingine ni ethi, ya tatu hurudisha kipimo, kwa kawaida kati ya volti 0.5 na 4.5. Zile volti 5 mara nyingi hugawiwa sensa kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana sensa moja ikipiga shoti, nyingine zinaanguka nayo, na dashibodi inajaa misimbo mitatu minne kwa mpigo. Hapo ndipo mwenye trekta huambiwa kompyuta imekufa, anunue nyingine. Kabla hajatoa hela, weka mita kwenye waya ya volti 5, kisha chomoa sensa moja baada ya nyingine. Volti zikirudi 5 baada ya kuchomoa mojawapo, umeshaipata. Zisiporudi hata zote zikiwa nje, fuata waya yenyewe.

FMI 0 na 1 ni habari tofauti kabisa, pamoja na ndugu zake 15 hadi 18. Hizi zinasema umeme uko sawa, ila kipimo chenyewe kimepita kiwango au kimeshuka chini yake. 100.01 maana yake presha ya oili imeshuka mno. Zima injini hapo hapo ulipo. Angalia kiwango cha oili, halafu fungua sensa ufunge geji ya mkono mahali pake, upige stata na kusoma presha halisi. Kubadilisha sensa na kuendelea kulima bila kupima hivyo ni kuiua injini, na ukarabati wake unaweza kumeza mavuno ya msimu mzima. Vivyo hivyo 110.00: injini inachemka kweli. Safisha makapi kwenye rejeta, angalia maji, mkanda wa feni na thamostati, kabla hujaishuku sensa.

Kwa 157, presha ya reli, natoa onyo. Mafundi waliokulia kwenye Massey Ferguson za pampu ya kawaida walizoea kulegeza bomba la nozeli injini ikinguruma, ili wajue silinda ipi haifanyi kazi. Kwenye injini ya reli presha inaweza kufika bar 1,600 hadi 2,000. Dizeli ikichomoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi, na tundu dogo tu linaweza kumfanya mtu apoteze kidole au mkono. Aliyepigwa apelekwe hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu. Presha ya reli ikiwa chini, anza na chujio la dizeli, maji kwenye dizeli, na hewa inayoingia kwenye mpira unaovuta dizeli kutoka tangini.

FMI 2, kipimo kinachorukaruka, ndiyo inayochosha kuliko zote, maana inakuja na kuondoka. Acha injini ikiwaka huku mtu mmoja akitazama kipimo na mwingine akitikisa waya kidogo kidogo, hasa zinapopita kwenye kona ya chuma au chini ya kibano, na pale panya walipolala. Fungua soketi uangalie kama pini zina ukungu wa kijani wa kutu. Trekta inayooshwa kwa pampu ya presha huwa nao sana. Usisukume ncha ya mita ndani ya tundu la pini, utalipanua na kuzaa tatizo jipya. Waya iliyokatika iunge kwa risasi ya kulehemu na uifunike kwa mpira unaobana kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu hakuhimili mtikisiko wa shambani.

Misimbo ikija mingi isiyohusiana, anza na betri na ethi. Betri ya volti 12 ikishuka chini ya 9.6 wakati wa stata, kompyuta hutoa malalamiko ya kila aina. Kama kompyuta zenyewe hazisikilizani, zima swichi, tenganisha betri, upime ukinzani kati ya waya mbili za mawasiliano: omu 60 ni sawa. Ukipata 120, mojawapo ya rezista mbili zinazokaa kwenye ncha za waya hizo haipo kwenye njia. Na kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye trekta, tenganisha betri na uchomoe soketi za kompyuta.

Andika misimbo yote kabla ya kuifuta, ukitenga iliyo hai na ile iliyohifadhiwa tu, pamoja na saa za injini kwenye kila mmoja. Futa, kisha ifungie trekta plau uilimishe hadi injini ipate moto kamili, kwa sababu saketi nyingi mbovu hutulia trekta ikiwa imeegeshwa.