Fidia ya ajali ya barabarani Kenya: yanayoaminiwa na yalivyo kisheria

Ajali ikitokea, ushauri hufika kabla ya ambulensi. Makanga ana lake, jirani ana lake, na shemeji aliyewahi kulipwa miaka ya nyuma ana lake pia. Wengi husema kwa nia njema, lakini baadhi ya maneno hayo yamewanyima majeruhi fidia waliyostahili. Naanza na lile linaloumiza watu wengi zaidi.

"Kesi iko kortini, tungoje iishe"

Dereva ameshtakiwa, majeruhi ameitwa kutoa ushahidi, kesi imeahirishwa tena na tena. Anangoja hakimu amtie dereva hatiani ndipo alipwe. Ukweli mchungu ni kwamba yeye mwenyewe hajafungua kesi yoyote. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva, na faini ikitozwa inakwenda serikalini. Fidia hudaiwa katika kesi nyingine, ya madai, ambayo majeruhi hufungua kwa jina lake. Sheria ya muda wa kushtaki, Sura ya 22, inampa miaka 3 tangu siku ya ajali, na miaka hiyo haisimami eti kwa sababu kesi ya trafiki inaendelea. Mahakama inaweza kuruhusu kesi iliyochelewa kwa sababu chache sana, na kutojua sheria si mojawapo.

Kama gari lilikuwa la serikali, muda ni mfupi zaidi: miezi 12. Ndiyo maana mtu aliyegongwa na gari la wizara hana nafasi ya kukaa akingoja barua ijibiwe.

Kesi ya trafiki ina manufaa yake. Dereva akipatikana na hatia na asikate rufaa, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika madai yako. Lakini hata akiachiliwa, bado unaweza kushinda, kwa sababu kiwango cha uthibitisho katika kesi ya madai ni cha chini kuliko cha jinai. Na kama aliyeumia ni mtoto, mzazi asingoje akue. Afungue kesi kwa niaba yake sasa, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

"Mimi sikuumia, niliteguka tu"

Maumivu ya shingo na mgongo mara nyingi huamka kesho yake, na damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa huku mtu akiongea vizuri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiambiwe kwamba polisi lazima watangulie: Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, itafuata.

Baada ya hapo fika kituo cha polisi, wewe au ndugu yako, uhakikishe jina lako limeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na baadaye kwenye abstrakti, hati ya polisi yenye muhtasari wa ajali. Kampuni za bima zimeumwa na madai ya uongo, watu ambao hata hawakuwa ndani ya gari wakidai kuvunjika mbavu. Kwa hiyo jina lisilo kwenye abstrakti linatiliwa shaka, na kadi ya hospitali yenye tarehe ya wiki tatu baadaye inatiliwa shaka zaidi. Baadaye huenda bima ikakutuma kwa daktari wake akupime tena. Nenda, mweleze yale yale uliyomweleza daktari wa kwanza, bila kuongeza chumvi.

Risiti nazo zisipotee. Gharama za dawa, eksirei na usafiri hulipwa zile tu zilizotajwa katika madai na kuthibitishwa. Hakimu hakisii.

"Nauza mboga, sina payslip, nitadai mapato gani?"

Hili linanigusa sana, kwa sababu huwafanya maskini wajinyime kabla hata hawajanyimwa na mtu. Mwaka 2005, katika kesi ya kifo cha fundi seremala, Mahakama ya Rufaa ilikataa wazo kwamba mapato huthibitishwa kwa stakabadhi peke yake. Majaji waliona kwamba kushikilia hivyo kungewadhulumu Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu za maandishi na bado wanajipatia riziki. Muuzaji wa jumla sokoni anaweza kutoa ushahidi. Taarifa za M-Pesa zinasaidia, kitabu cha chama cha akiba kinasaidia. Hata vitu hivyo vikikosekana, mahakama mara nyingi hutumia mshahara wa chini uliotangazwa na serikali kama kipimo.

"Gari halina bima, kwa hivyo basi"

Bima hulipa kwa niaba ya mwenye kosa. Isipokuwepo, mwenye kosa bado yupo. Jina lililosajiliwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, huchukuliwa kuwa la mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, basi tafuta kumbukumbu za gari hilo mapema. Kwa mwenye gari pia kuna somo hapa: ukiuza gari bila kubadilisha usajili, ajali ya mnunuzi inaweza kukufuata nyumbani.

Vilevile kuna wanaosema huwezi kulipwa zaidi ya milioni 3. Hiyo ni kinga ya kampuni ya bima chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari: haishurutishwi kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mdai mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, kilichozidi kinadaiwa kwa mwenye gari.

Ukiwa abiria uliyelipa nauli ya matatu, bima ya lazima inakuhusu, hata kama kosa ni la dereva wa matatu yako mwenyewe. Aliyepewa lifti katika gari binafsi hana uhakika huo, kwa sababu sheria haimlazimishi mwenye gari binafsi kumkatia bima mtu wa namna hiyo. Anaweza kumshtaki dereva, ila malipo yakategemea mali ya dereva au aina ya bima aliyonayo.

Kutofunga mkanda au kutovaa helmeti kwenye bodaboda hakufuti dai. Kunaweza kulipunguza tu. Mahakama ikiona fidia yako ni 1,000,000 na wewe ulichangia asilimia 20, unapata 800,000.

"Huyu jamaa atakufuatilia kila kitu, mtagawana"

Madalali wa ajali hufika wodini mapema. Wanachukua kitambulisho, wanachukua P3, wanakuwekea sahihi kwenye karatasi, na ukipona huwajui wako wapi. Wengine huahidi kwamba wakili atachukua "thelathini kwa mia tukishinda." Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui makubaliano ya wakili kulipwa pale tu mteja wake anaposhinda kesi. Usitoe nakala halisi ya kitu chochote. Piga picha kila karatasi kabla haijatoka mkononi mwako.

Angalia hasa karatasi ya mwisho, ile ya kukubali malipo. Kwa kawaida ukishaisaini umefunga dai lote, hata mguu ukihitaji upasuaji mwingine mwaka ujao. Muulize daktari kwanza kama matibabu yamekwisha na kama kuna chuma kitakachotolewa baadaye, kisha gharama hiyo iingizwe katika hesabu. Kiasi kilichoandikwa kisomwe mbele yako, kwa lugha unayoielewa, na uondoke na nakala yako. Jina la wakili unaweza kulitafuta kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, uone kama ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu.