Je, wajua kwamba James na Yakobo ni jina moja?

Katika Biblia ya Kiingereza, mwana wa Isaka anaitwa Jacob, na mtume aliyekuwa mwana wa Zebedayo anaitwa James. Anayesoma kwa Kiingereza pekee hana sababu ya kuyahusisha majina hayo. Anayesoma kwa Kiswahili hukuta wote wawili ni Yakobo, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyetendewa haki, kwa sababu mtume yule alipewa jina lile lile la babu wa taifa lake. Imekuwaje basi likapasuka?

Kwa Kiebrania ni Ya'aqov. Lina sauti mbili zinazotoka ndani kabisa ya kinywa: ain, na ile k nzito ya nyuma, qaf. Kiarabu kinazo zote mbili, ndiyo maana Ya'qub halikutoka mbali na asili yake. Kigiriki hakikuwa nazo. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuyatafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ain ilidondoka, qaf ikawa k ya kawaida, jina likawa Iakob. Waandishi wa Agano Jipya walimwachia babu wa kale umbo hilo, lakini watu wa zama zao waliwapa mwisho wa majina ya kiume ya Kigiriki: Iakobos. Warumi nao wakaweka mwisho wao, Iacobus.

Hadi hapo ni marekebisho madogo tu. Mpasuko wenyewe ulitokea katika Kilatini cha watu wa kawaida, ambako wengine walianza kusema Iacomus. B na m zote hutamkwa kwa kufumba midomo, kwa hiyo kuteleza kutoka moja hadi nyingine ni rahisi. Umbo la b lilizaa Jakob la Kijerumani, Jacques la Kifaransa na Jacopo la Kiitalia. Umbo la m lilizaa Giacomo, pia la Kiitalia, Jaime la Kihispania, na James la Kifaransa cha kale. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuwa wasemaji wa Kifaransa, na kwa njia hiyo James likaota mizizi huko. Jacob likabaki la maandiko. Hati za Kilatini hazikujali mgawanyiko huo: mfalme James aliandikwa Iacobus. Ndiyo sababu waliomuunga mkono James II baada ya kupoteza kiti chake mwaka 1688 wanajulikana kama Jacobites.

Na ile J ya mwanzoni? Zamani I na J zilikuwa herufi moja, iliyosomwa kama y. Kijerumani kimeshikilia y hiyo hadi leo. Kifaransa cha kale kiliigeuza ikawa kama j ya Kiswahili katika “jambo”, na Kiingereza kikaipokea hivyo. Kihispania kilikwenda mbali zaidi, kikaifanya kh. Herufi mbili zilikuja kutenganishwa baadaye sana: Biblia ya mfalme James iliyochapwa mwaka 1611 bado iliandika jina lake Iames.

Mambo mengine yaliyolipata jina hili nayapenda zaidi, maana sarufi yenyewe ndiyo iliyoyafanya. Katika Kigaeli cha Uskoti, James ni Seumas. Lakini ukimwita mtu kwa Kigaeli, mwanzo wa jina lake hubadilika, na Seumas husikika kama “Hemish”. Waliosikia wito huo bila kuijua lugha wakadhani ndilo jina, wakaliandika Hamish. Huko Hispania na Ureno, jina la mtakatifu Yakobo, Sant Iago, lilitamkwa kwa mkupuo mmoja likawa Santiago. Kisha watu wakalikata upya mahali pasipo pake, San Tiago, na leo kuna wanaume wengi wa Kireno wanaoitwa Tiago, wakiwa na t iliyochukuliwa kutoka neno la “mtakatifu”.

Yakobo si peke yake. Yohana ni John, Jean, Juan, Giovanni, Ivan na Seán, na katika Uislamu ni Yahya. Elizabeth na Isabel nao wana chimbuko moja, ndiyo maana magazeti ya Kihispania yalimwita malkia Elizabeth II wa Uingereza Isabel II. Wafalme na mapapa bado hutafsiriwa majina hivyo. Raia wa kawaida hatafsiriwi, kwa kuwa pasipoti na hati ya kuzaliwa zimeyafunga maandishi ya jina lake.

Lakini matamshi hayafungwi na karatasi. Mchezaji wa Kolombia James Rodríguez, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 2014 kwa mabao 6, ana jina lililoandikwa kwa Kiingereza herufi kwa herufi, ilhali Kihispania kilikuwa tayari na Jaime, Santiago na Jacobo. Kwao hatamkwi kama Waingereza wanavyotamka. Wanalisoma kwa kanuni za lugha yao, j ikawa kh na e ikasikika waziwazi: “Khames”. Kihispania kimepata umbo jingine tena la Ya'aqov.