Mtoto Anapoficha Dini Yake Bwenini: Tunachojifunza kwenye Filamu Moja, na Hatua za Kuchukua

Kila shule za bweni zinapofunguliwa, na hasa wiki chache baada ya wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha tano kuripoti, kitengo chetu cha msaada wa kisheria kwa watoto hapa Dar es Salaam hupokea barua na simu za wazazi ambao watoto wao wametukanwa, wametengwa au wamelazimishwa jambo fulani kwa sababu ya dini. Safari hii malalamiko yamekuwa mengi kuliko tulivyozoea. Ndiyo maana tumeanza kuzitembelea shule tukiwa na projekta, shuka jeupe na filamu moja ya zamani kidogo, na ndiyo maana nimeombwa kuandika makala haya kwa ajili ya wazazi, walimu na wanafunzi ambao hatutawafikia.

Filamu hiyo ni School Ties, iliyotengenezwa Marekani chini ya mwongozaji Robert Mandel na kutoka mwaka 1992, ingawa hadithi yake ni ya miaka ya 1950. David Greene, kijana wa Kiyahudi kutoka familia ya wafanyakazi katika mji wa Scranton, Pennsylvania, anachukuliwa kwa ufadhili na shule ya bweni ya wavulana wa familia tajiri huko Massachusetts, kwa kuwa ni hodari wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, na shule ina kiu ya ushindi. Anapofika anasikia namna wenzake wanavyowasema Wayahudi, naye anaamua kuivua na kuificha nyota ya Daudi aliyokuwa akiivaa shingoni. Mechi moja inaangukia Rosh Hashanah, yaani mwaka mpya wa Kiyahudi. David anacheza, timu inashinda, na usiku anaingia peke yake katika kanisa la shule ili asali sala za dini yake gizani. Mkuu wa shule anamkuta humo.

Nawaomba walimu waitazame sehemu hiyo zaidi ya mara moja. Mtu mzima mwenye mamlaka yote ya shule anamwona mtoto akisali kwa kujificha, anazungumza naye, kisha mambo yanaachwa yalivyo. Siri inapofichuka baadaye kupitia mwenzake anayemwonea wivu, David anakuta juu ya kitanda chake alama ya Kinazi na maneno ya kumfukuza. Kisha inagundulika kwamba kuna mwanafunzi aliyeingia na karatasi ya majibu katika mtihani wa historia, na kazi ya kumtafuta mkosaji wanaachiwa wanafunzi wenyewe, kwa jina la heshima ya shule. Wanakaa, wanajadiliana, wanapiga kura. Walio wengi wanasema mwongo ni David, ambaye hakuwa na kosa. Anayemwokoa ni kiranja mkuu, aliyekuwa amemwona mkosaji halisi kwa macho yake na mwishowe akaenda kusema kweli kwa mkuu wa shule.

Baadhi ya walimu wametuuliza Wayahudi wa Massachusetts wanahusiana vipi na bweni la Kitanzania. Jibu langu liko katika shauri moja tulilolishughulikia, ambalo nalieleza kwa ruhusa ya mzazi na bila kutaja shule wala mkoa.

Mama mmoja wa Temeke alikuja ofisini na binti yake wa kidato cha pili, Mwislamu, ambaye katika bweni lake walikuwa Waislamu wawili tu. Mswala wake ulichukuliwa ukawekwa mlangoni, na wenzake waliotoka bafuni wakawa wanaufutia miguu. Aliuchukua, akaufua, akauficha chini ya godoro, na tangu siku hiyo akawa anaswali amekaa kitandani ndani ya chandarua, akijifanya amelala. Mwenzake alipomgundua, kiranja wa bweni aliitisha kikao, wakanyoosha mikono, na wengi wakaamua kwamba binti huyo aende kuswalia nje, kwenye kamba za kuanikia nguo, au aache kabisa. Matroni alijua. Barua ya shule, ambayo ninayo katika jalada, inasema kwamba suala hilo "limemalizwa na wanafunzi wenyewe kwa njia ya kidemokrasia." Tulipokuwa tunaandika maelezo yake, binti aliniuliza swali moja tu: "Mama, zile swala za kwenye chandarua zinahesabika?" Mimi ni mwanasheria, si mwanachuoni, nikamwambia amuulize ustadhi wake wa madrasa. Lakini sijalisahau swali lile, na ninapoandika neno "demokrasia" sasa mkono wangu unasita.

Usalama wa mtoto katika dini yake haupigiwi kura. Shule inayowaachia wanafunzi wa miaka 14 na 15 waamue kama mwenzao ana haki ya kusali imeikimbia kazi yake, hata kama kikao kilikuwa na mwenyekiti, katibu na muhtasari uliosainiwa.

Wala jambo hili halina upande mmoja. Tumempokea kijana Msabato aliyepangiwa kusafisha vyoo kila Jumamosi asubuhi, muhula mzima, na alipoomba abadilishiwe siku akaitwa mvivu mbele ya paredi. Tumempokea pia Mkatoliki aliyekuwa akisoma katika shule inayomilikiwa na taasisi ya Kiislamu, ambaye rozari yake ilirushwa juu ya paa la bweni. Hata ndani ya dini moja tumeona watoto wa Kipentekoste wakiitwa wenye mapepo na Wakristo wenzao kwa sababu ya namna wanavyoomba. Kwa wanaodhani kwamba mambo ya madhehebu ni ya ndani na sheria hayaihusu, Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolinda uhuru wa imani, inafafanua yenyewe kwamba neno dini linajumuisha madhehebu.

Sasa niseme kuhusu utani, kwa sababu hili nimechoka kulisikia. Karibu kila shule tunayoandikia inatujibu kwamba wanafunzi walikuwa wanataniana. Utani wa kwetu una wenyewe na una kanuni zake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kila upande unaujua mpaka, na siku ya msiba mtani ndiye anayehangaika na wafiwa huku akiwachekesha. Hakuna mahali popote katika mila zetu palipowekwa utani kati ya msikiti na kanisa. Mtoto mmoja akiwekewa mzaha na bweni zima, kuhusu kitu ambacho hawezi kukirudishia, huo si utani, na mwalimu aliyekulia nchi hii analijua hilo vizuri.

Kuna pia wanaosema kwamba Tanzania haina udini na kwamba kuzungumzia mambo haya shuleni ni kuwafundisha watoto wasichokijua. Nawakumbusha Oktoba 2012, hapa hapa Mbagala, ubishi wa watoto kuhusu msahafu ulipoishia kwenye vurugu na makanisa kuchomwa moto. Watoto wale walikuwa na jambo walilolisikia kwa wakubwa, na hawakuwa na mkubwa wa kulimaliza mapema. Wazee wetu waliosoma kabla ya shule za misheni kutaifishwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 wanakumbuka pia mtoto wa Kiislamu alivyokuwa akikaa katika shule hizo. Moja ya mambo ambayo utaifishaji ulikusudia ni mtoto wa dini yoyote kupata nafasi bila kuulizwa anasali wapi. Nafasi ilipatikana, lakini namna ya kuishi pamoja usiku, baada ya prepo, taa zikizimwa, iliachwa kwa busara ya walezi wa mabweni.

Kuhusu sheria yenyewe, nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi na inaitaja dini kwa jina. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 5, inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya kuishi bila kubaguliwa, na dini ni miongoni mwa misingi iliyotajwa. Anayekiuka masharti ya sehemu hiyo ya sheria, awe mwalimu, mlezi wa bweni au mzazi wa mwanafunzi mwingine, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa mujibu wa kifungu cha 14. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamhusu mtu anayetamka maneno au kufanya ishara kwa kukusudia kuumiza hisia za kidini za mwingine, na kifungo chake ni mwaka mmoja. Neno la msingi hapo ni kukusudia, hivyo si kila neno la ujinga ni jinai.

Wazazi wengi huja wakitaka mtoto wa mwenzao akamatwe. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya si sahihi. Aliyezidi hapo hushughulikiwa na Mahakama ya Watoto, ambayo kwa Dar es Salaam iko Kisutu, na ambayo huendesha mashauri yake faragha, afisa ustawi wa jamii akishirikishwa. Hatuyapeleki huko mambo ya bweni ila pale ambapo kuna madhara makubwa, na tunawaomba wazazi wasitutishe kwamba watakwenda polisi iwapo hatutafanya hivyo, kwa sababu kwenda polisi ni haki yao na hakuna anayewazuia.

Jambo ambalo wazazi hawalitarajii ni kwamba wao wenyewe huingia hatarini kabla ya watoto. Mzazi akipata habari usiku, huandika katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, na kufikia asubuhi dini nzima ya watu imekwishatukanwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakataza kumtukana mtu kupitia mfumo wa kompyuta kwa misingi ambayo dini ni mmojawapo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Simu ya mkononi imo katika maana hiyo. Mara mbili mzazi aliyekuja kwetu kama mlalamikaji tumelazimika kumshauri kwanza kuhusu ujumbe wake mwenyewe.

Utaratibu wa malalamiko ni huu. Mzazi aandike barua kwa mkuu wa shule, na si kwa mwalimu wa darasa. Barua ieleze tarehe, mahali, jina la mwanafunzi na kidato chake, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, bila kuyatafsiri wala kuyapunguza makali. Itolewe nakala mbili, na nakala ya mzazi igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nasisitiza mhuri, kwa kuwa barua isiyo na mhuri hukanushwa kwa urahisi. Shule isipojibu, hatua inayofuata ni Bodi ya Shule, kisha Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Halmashauri inayohusika ni ile ambamo shule imo, na si anakoishi mzazi. Barua nyingi za wazazi wa Dar es Salaam hupotea katika ofisi za Temeke na Kinondoni ilhali shule iko mikoani. Wakati wote huo mzazi anaweza kumwona afisa ustawi wa jamii, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga Simu ya Mtoto, namba 116. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2001, nayo hupokea malalamiko ya aina hii, ila haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo mzazi asifungue kesi leo na kwenda Tume kesho.

Shule za taasisi za dini hutuuliza kama haya yanazihusu. Yanazihusu. Mzazi aliyesaini fomu ya kujiunga amekubali taratibu za shule alizoelezwa kwa uwazi, lakini hakuna fomu inayoweza kuruhusu mtoto adharauliwe.

Shule inayotaka kuonyeshwa filamu ituandikie wiki mbili kabla. Hatuionyeshi chini ya kidato cha tatu, kwa sababu ina matusi, ngumi na sehemu ya bafuni isiyowafaa wadogo. Tunaziomba shule zisiipakue zenyewe kwenye intaneti na kuionyesha kiholela, kwa kuwa filamu ina hakimiliki na maonyesho ya hadhara yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Wanafunzi wa vyama vya dini, vya Kikristo kama UKWATA na TYCS, cha Kiislamu cha TAMSYA na vinginevyo, wakae wamechanganyika bwaloni, si kila chama na benchi lake. Baada ya filamu tunabaki nao saa moja kwa mazungumzo, na katika saa hiyo walezi wa mabweni na mkuu wa shule lazima wawepo mpaka mwisho. Mkuu wa shule akipata dharura siku hiyo, tunaipangia shule yake siku nyingine.