Je, wajua? "Si kitu" katika soneti ya Sor Juana si Sor Juana

Soneti (shairi la mishororo 14) ya mtawa wa Mexico, Sor Juana Inés de la Cruz, kuhusu picha yake ya kuchorwa huishia hivi: "es cadáver, es polvo, es sombra, es nada". Ni maiti, ni vumbi, ni kivuli, si kitu. Wengi husikia hapo mwanamke anayejidharau. Sivyo. Maiti ni rangi iliyopakwa kwenye turubai.

Mfasiri wa Kiswahili hulikuta tatizo mlangoni. Shairi huanza na "este", neno la Kihispania linaloweza kumwonyesha mtu au kitu, na ngeli zetu zinamlazimisha kuchagua: "huyu umwonaye" au "huu uuonao, ulaghai uliopakwa rangi". Akiandika "huyu", shairi limekufa kabla mshororo wa kwanza haujaisha. Neno "picha" lenyewe halimo katika mishororo yote 14. Limo kwenye kichwa tu. Lakini mshororo wa tano hadi wa nane husema kwamba kitu hiki kimetumwa na ubembelezi kuushinda uzee na usahaulifu. Hiyo ni kazi ya picha, mwili hauiwezi.

Uhondo uko mshororo wa tatu: "silojismo za uongo za rangi". Silojismo ni hoja ya hatua tatu, na ya uongo huenda hivi: ndizi mbivu ni ya manjano, limau hili ni la manjano, basi limau hili ni ndizi. Hatua mbili za kwanza ni kweli tupu. Kilichooza ni fundo linaloziunganisha. Mchoraji naye hutia wekundu shavuni, na jicho linamalizia lenyewe: shavu hai lina wekundu, hili lina wekundu, basi lina damu.

Mishororo sita ya mwisho huibomoa hoja hiyo kwa "es" ("ni") tisa, nne zikibanana katika mizani 11 za mwisho. Maiti bado ina umbo. Vumbi limepoteza umbo, ila hushikika. Kivuli hakishikiki. Kisha hakuna.

Mkia huo una asili: soneti ya 1582 ya Góngora, mshairi wa Uhispania, inayomwonya mwanamke kwamba *atakuwa* udongo, moshi, vumbi, kivuli, si kitu. Pengine ndiyo inayowapotosha wasomaji. Sor Juana aliuhamisha kutoka mwilini hadi turubaini, na kutoka wakati ujao hadi sasa hivi.

Na ile picha maarufu ya Miguel Cabrera inayowekwa kando ya shairi? Ni ya 1750. Soneti ilichapishwa 1689, Sor Juana akafariki 1695. Mchoraji hakuwahi kumwona.