Je, wajua kwa nini simu hukuchosha hata usipojibu meseji yoyote?

Chukua grupu ya mazishi, maana huku Nyanza na Magharibi mwa Kenya ni vigumu kumpata mtu mzima asiye na moja kwenye simu yake. Mzee amefariki Luanda, mwili uko mochari Kisumu, na usiku huohuo grupu inafunguliwa. Watu mia mbili wanaingizwa bila kuulizwa. Kisha mweka hazina anaanza kazi. Kila mchango ukifika, anaibandika orodha nzima upya kuanzia namba 1, jina jipya likiwa chini kabisa. Namba 63 akituma mia tano, simu mia mbili zinalia, na kila mwenye simu anateremka na orodha hiyo ndefu akitafuta kitu kimoja tu: jina langu lipo?

Kama halipo, hapo ndipo uchovu unapoanzia. Kuipitia orodha hakukuchukua hata nusu dakika. Kinachobaki kichwani ni maswali: nitume ngapi, nitume lini, na nisipotuma leo watasemaje? Simu umeirudisha mfukoni, lakini maswali unatembea nayo.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa Kurt Lewin kule Berlin, alichapisha majaribio ambamo watu walipewa kazi ndogondogo kama mafumbo, hesabu na kufinyanga udongo, kisha nusu ya kazi hizo zikakatizwa njiani. Walipoulizwa baadaye, walizikumbuka zaidi zile ambazo hazikumalizika. Waliorudia majaribio yake hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo mimi nisingeegemea hapo peke yake. Utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa mwaka 2011 ndio wenye faida zaidi kwetu. Walionyesha kwamba shughuli ambayo mtu hajaitimiza humvuruga anapofanya kazi nyingine, lakini akishapanga ataitimiza vipi na lini, usumbufu unapungua sana. Angalia vizuri hapo: shughuli yenyewe ilikuwa bado haijafanywa. Kilichofanywa ni mpango tu.

Kwa maana hiyo, ukisema moyoni "nitatuma mia tano Jumatano jioni nikishalipwa", na ukaiandika hiyo Jumatano mahali utakapoiona, grupu inaweza kulia hadi alfajiri isikuguse sana. Usipoamua, hata orodha ikitumwa mara moja tu kwa siku itakukera. Ndiyo sababu mtu mwenye meseji kumi ambazo hajui azifanyie nini anaweza kuchoka kuliko mwenye mia tano za utani.

Tusimlaumu mweka hazina sana, ana hesabu zake. Orodha inayosonga huwafanya watu wachange, na aliyetuma hutaka kuonekana ametuma. Lakini anaweza kuibandika asubuhi na jioni tu, na katikati akamwandikia kila mchangaji pembeni: "Imefika, asante." Grupu zinazofanya hivyo zipo, na pesa hupatikana vilevile.

Jambo la pili ni mlio wenyewe. Gloria Mark na wenzake walichapisha mwaka 2008 jaribio la watu waliokuwa wakijibu baruapepe huku wakikatizwakatizwa. Ajabu ni kwamba waliokatizwa walimaliza kazi upesi zaidi. Walikimbia ili kufidia muda, na gharama yake ikawa kuhisi msongo na kero zaidi. Mfikirie mama anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu: anapima gorogoro kwa mkono mmoja, wa pili unamjibu mteja wa Kakamega, na katikati grupu ya chama inalia. Jioni omena imekwisha, pesa ziko sawa, kazi haikulala hata kidogo. Aliyechakaa ni yeye.

Basi tuzime kila kitu? Wengi wanaotoa ushauri wa aina hii husema hivyo, na hapo ndipo ninapoachana nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa India kwa wiki mbili, uliwagawa watu: wengine waliletewa arifa zao kwa mafungu matatu kwa siku, wengine kila saa, wengine hawakuletewa kabisa, na wengine wakaendelea kama kawaida. Waliopata mafungu matatu walikuwa watulivu na makini zaidi. Waliokatiwa kabisa walizidi kuwa na wasiwasi, wakihofia kuna jambo linawapita. Kwetu hofu hiyo si ya bure. Simu hiyohiyo ndiyo duka, ndiyo chama, na ndiyo itakayokuambia mama anaumwa Siaya.

Kwa hiyo acha sauti ya simu za kupigiwa na meseji za M-Pesa, nyamazisha magrupu, kisha uyafungue kwa saa zako: asubuhi kabla ya kutoka, mchana, na jioni kabla ya chakula. WhatsApp inakuruhusu kunyamazisha kwa saa 8, kwa wiki moja au daima. Chagua daima. Magrupu mazito yaweke kwenye akaivu (Archive), yaani pembeni ya orodha ya chati zako. Zamani grupu ya akaivu ilirudi juu kila ikipata ujumbe mpya, na wengi walijaribu wakakata tamaa, lakini tangu 2021 inakaa hukohuko. Mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako, utaarifiwa, kwa hiyo mwenye shida nawe hasa ana njia ya kukufikia.

Grupu ya wazazi haiponi kwa kunyamazishwa tu. Mwalimu wa Nakuru anatuma picha ya kazi ya nyumbani saa kumi na moja jioni, na kufikia saa moja maagizo yamezikwa chini ya "asante mwalimu" thelathini. Mzazi anayerudi kazini usiku anapanda juu akitafuta kama ni manila au kadibodi. Ukiona agizo la namna hiyo, jitumie mwenyewe papo hapo. WhatsApp inakuwezesha kuchati na namba yako. Chati hiyo iwe ndiyo mahali pekee pa mambo ya kufanya. Mengine yote unasoma na kupita. Na admini akiweza kufunga grupu ili walimu pekee waandike, amewaokoa wengi.

Kuhusu simu kujaa, sina mengi. Zima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha, bando nalo litadumu. Kisha fungua sehemu ya hifadhi ndani ya WhatsApp: inakuonyesha faili zilizozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi, na hapo unafuta bila huruma. Taarifa ya M-Pesa inaombwa kwa *334#, hivyo huna haja ya kuweka kila meseji ya nauli ya boda. Matangazo ya Safaricom huzuiwa kwa *456*9*5#.

Kutoka kwenye grupu ni siasa zaidi ya teknolojia. Tangu 2022 ukiondoka, wanaoarifiwa ni maadmini peke yao, lakini mwanachama mwenye udadisi anaweza kufungua orodha ya walioondoka ndani ya siku 60 akakuona. Kwa grupu ya ukoo, basi, ni afadhali kumwambia admini kwanza, au kukaa humo kimya kwenye akaivu. Ila zile za kampeni za 2022, ambazo sasa zimebadilishwa jina na kuvalishwa picha ya mheshimiwa mwingine, toka leo. Hakuna baraza litakaloitishwa kukujadili.