Kabla ya kuongeza dozi, ipimwe tezi ya shingo

Mgonjwa wa baipola, yaani ugonjwa wa hisia zinazopanda mno na kushuka mno, ametulia miezi kadhaa akitumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo. Kisha nyumbani wanaanza kumwona mzito: analala mno, anasahau, ananenepa ingawa hali sana, anajifunika blanketi wakati wenzake wanatokwa jasho. "Sonona imerudi," wanasema. Huenda ni kweli. Lakini kwa mgonjwa wa namna hii, mimi huanzia shingoni.

Chini kidogo ya koromeo ipo tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili. Zikipungua, kila kitu kinapoa: moyo, utumbo, fikra, hata hamu ya kuongea. Zikizidi, mtu anatetemeka, anakonda, hapati usingizi, moyo unamwenda mbio. Akifika kliniki ya akili ni rahisi kudhaniwa ana wasiwasi tu.

Mwaka 1949 daktari Richard Asher wa Uingereza aliandika habari za wagonjwa 14 waliochanganyikiwa akili, kumbe tezi zao zilikuwa zimezorota. Mwaka huohuo John Cade wa Australia alichapisha matokeo ya kutumia lithiamu kwa wagonjwa wa mania, yaani msisimko uliopita kiasi. Mambo hayo mawili yanakutana hapa: lithiamu hujikusanya ndani ya tezi na kuzuia homoni zisitoke. Wanaoathirika zaidi ni wanawake. Wengine huota uvimbe shingoni.

Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza lithiamu, kisha kila baada ya miezi 6 hivi. Kwenye majibu tazama TSH, homoni ambayo ubongo hutuma kuihimiza tezi. Ikipanda sana, tezi inahimizwa na haiitikii.

Tafadhali usiache lithiamu kwa sababu ya majibu hayo. Ukiikatisha ghafla, mania inaweza kurudi upesi. Kwa kawaida daktari huiacha iendelee na kuongeza levothairoksini, vidonge vya kuziba pengo la homoni. Vimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, na vipishane saa 4 na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Nafuu huchukua wiki kadhaa.

Tahadhari moja: mtu aliyelazwa akiwa amezidiwa anaweza kuonyesha vipimo vya tezi vilivyoyumba kwa muda tu. Kama hana dalili nyingine za tezi, tunarudia kipimo akishatulia, ndipo tunaamua kama anahitaji dawa.