Berberine inatoka wapi: kichaka cha miiba cha Himalaya na dawa yake ya njano

Siku hizi maswali kuhusu berberine yamekuwa mengi sana kwenye dawati letu la elimu ya dawa. Watu wanaona vidonge vinatangazwa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, vya kutoa kitambi, vya kushusha sukari, vya lehemu, na karibu kila tangazo lina maneno yaleyale: ni ya asili, imetumika miaka elfu na zaidi. Hilo la miaka elfu ni kweli kabisa, sibishi. Ila kilichotumika miaka yote hiyo na kilichomo ndani ya ile chupa ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo nataka tuelewane vizuri mana kuna watu wanaweza kuumia, na mmoja wao ni mtoto mchanga ambaye hana namna ya kujisemea.

Tuanze na mmea wenyewe. Kitaalamu unaitwa Berberis aristata. Ni kichaka, sio mti mkubwa, kinafika mita 2 mpaka 3 hivi, kinaota chenyewe kwenye miteremko ya Himalaya kwenye mwinuko wa kama mita 2000 hadi 3000, upande wa India kwenye majimbo ya Uttarakhand na Himachal Pradesh, alafu Nepal. Wahindi wengi wanaujua kama daruhaldi, wenyeji wa Kumaon, eneo la milima huko Uttarakhand, wanauita kilmora, Himachal wanasema kashmal na Wanepali wanasema chutro. Una miiba inayotoka mitatu mitatu sehemu moja, kwa hiyo watu wa huko wanautumia kama ua wa shamba, mifugo haipiti kirahisi. Kabla ya mvua za masika yao unatoa maua madogo ya njano yanayoning'inia kwa vishada na nyuki wanajaa. Matunda yakiiva yanakuwa ya zambarau yenye ungaunga mweupe juu kama zabibu, yana uchachu fulani hivi mtamu, watoto wanayachuma wakiwa njiani na wanakula, na kuna wanaotengenezea jamu na juisi.

Lakini dawa iko chini. Ukikwangua ganda la mzizi unakutana na njano kali, njano inayobaki kwenye vidole, na ukionja kidogo ni uchungu unaokaa mdomoni muda mrefu. Hiyo njano na huo uchungu ni kitu kimoja, ndio berberine yenyewe, alikaloidi (kemikali chungu inayotengenezwa na mmea) ambayo imejaa zaidi kwenye mizizi na ganda la chini la shina. Watu wa milimani wametumia mizizi hiyohiyo kutia rangi sufu na ngozi kabla ya rangi za viwandani hazijafika.

Sasa waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mara nyingi hawampi mgonjwa mzizi hivihivi, wanatengeneza kitu kinaitwa rasaut. Mizizi na sehemu ya chini ya shina inakatwakatwa vipande vidogo, inachemshwa kwenye maji mengi mpaka maji yapungue sana, inachujwa kwa kitambaa, alafu yale maji yanarudishwa motoni. Njia ya zamani inaongeza maziwa, hasa ya mbuzi, moto unakuwa mdogo na mtu anakaa hapo anakoroga na kukoroga mpaka inakuwa nzito, rangi ya kahawia inayokaribia nyeusi. Ikipoa inaganda, inauzwa kwa vipande, na ukitia kipande kidogo kwenye maji ile njano inarudi palepale. Maandiko ya kale ya tiba ya Kihindi, ya Charaka na ya Sushruta, yanaitaja. Matumizi yake yalikuwa ya macho mekundu yanayouma, vidonda visivyopona, bawasiri inayotoa damu, kuharisha, homa zinazokuja na kuondoka, na umanjano.

Na hii dawa ilisafiri sana. Dioscorides, daktari wa Kigiriki wa karne ya 1, aliandika kuhusu dawa iliyoitwa lykion na akasema ile ya India ndio bora zaidi. Vijitungi vidogo vyenye jina la dawa hiyo vimepatikana kwenye machimbo ya kale huko Mediterania. Hata ule mwongozo wa mabaharia wa karne hiyohiyo, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Erithrea, unataja lykion ikipakiwa kwenye bandari ya mdomo wa mto Indus na kwenye bandari ya Barygaza, Gujarat, na huo ndio mwongozo unaoeleza pia Rhapta, bandari ya pwani yetu huku Azania. Kwa karne nyingi Wazungu walibishana lykion ya India ilikuwa mmea gani, mpaka miaka ya 1830 John Forbes Royle, daktari Mwingereza aliyesimamia bustani ya mimea ya Saharanpur kaskazini mwa India, alipoonyesha kuwa ni rasaut ileile iliyokuwa inauzwa sokoni mbele ya macho yake.

Tuje kwenye swali ambalo kila mtu anataka jibu lake, je inafanya kazi? Kwa baadhi ya mambo, ndio, na nasema hivyo bila kusita.

Kuharisha ndio sehemu yenye ushahidi unaonivutia zaidi. Bakteria wengine wa kuharisha hawachubui utumbo, wanachofanya ni kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji bila kukoma. Berberine inazuia huo umwagaji. Kuna utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, ukachapishwa mwaka 1987, ulihusisha watu wazima 165 waliokuwa wanaharisha kwa kipindupindu au kwa E. coli inayotoa sumu. Wale wa E. coli waliopewa dozi moja tu ya miligramu 400, katika kila 100 kama 42 waliacha kuharisha ndani ya saa 24, wakati kwa wasiopewa ni kama 20. Kwa kipindupindu msaada wake ulikuwa mdogo sana, na hilo ni muhimu kulisema kwetu huku ambako kipindupindu bado kinatusumbua kila mvua zikizidi: kinachookoa maisha ni ORS na dripu, usikae nyumbani unasubiri mzizi ufanye kazi. Ila ona jinsi wazee wa Himalaya walivyokuwa sahihi, walimpa mgonjwa wa tumbo, kwa siku chache, tumbo likikata wanaacha. China mpaka leo vidonge vya berberine vinauzwa famasi kwa ajili ya kuharisha.

Macho nayo sio hadithi. Berberine inapunguza nguvu ya vijidudu kadhaa, na India waliwahi kuijaribu kwenye trakoma, ugonjwa ambao nasi tunaufahamu vizuri kwenye maeneo makavu ya Tanzania na Kenya. Lakini tafadhali sana, usichemshe mzizi ukaweka machoni. Matone ya macho yanatakiwa yawe safi kabisa bila kijidudu hata kimoja, na jikoni hakuna sufuria inayoweza kukupa hivyo, kioo cha jicho kikipata kidonda kikaoza umepoteza uoni na haurudi. Trakoma ina dawa yake, azithromycin, na kwenye kampeni za serikali inagawiwa bure.

Sasa sukari na lehemu, ndiko biashara iliko. Watafiti wa China mwaka 2004 walichapisha matokeo ya watu 32 wenye lehemu nyingi waliotumia gramu 1 kwa siku kwa miezi 3, lehemu mbaya ikashuka kwa kama robo. Mwaka 2008 ukatoka mwingine, watu 36 waliogunduliwa kisukari aina ya 2 karibuni, wengine wakapewa berberine miligramu 500 mara tatu kwa siku na wengine metformin, dawa ya kawaida ya kisukari ya hospitali, baada ya miezi 3 sukari ilishuka kwa kiasi kinachokaribiana. Ni matokeo mazuri, yanastahili heshima, lakini angalia idadi ya watu, angalia muda. Miezi mitatu. Hakuna hapo anayeweza kukuambia kama mtu atakuwa salama akimeza miaka kumi, au kama atakwepa kiharusi na figo kufeli, mambo ambayo metformin imeshachunguzwa kwa maelfu ya watu kwa miaka mingi. Na kwenye huo utafiti wa 2008 kama theluthi ya waliotumia walipata shida za tumbo, kufunga choo, kuharisha, gesi. Kuhusu kupunguza mwili, uzito unashuka kidogo tu, hizo picha za kabla na baada zinazosambazwa sio za dawa hii.

Kwa hiyo tofauti ni hii. Mwanakijiji wa Kumaon alikuwa anakunywa maji ya mizizi yenye berberine kidogo, pamoja na vitu vingine vya mmea, kwa siku chache, kwa ugonjwa maalum, na aliyempa alikuwa anamjua yeye na familia yake. Chupa ya mtandaoni ni berberine iliyokamuliwa na kusafishwa, miligramu 1000 au 1500 kila siku, miezi na miezi, mara nyingi haijatoka hata kwenye huo mmea wa Himalaya bali kwenye mimea mingine yenye berberine, na aliyekuuzia hajakuuliza unatumia dawa gani nyingine. Historia ya yule wa kwanza haiwezi kumdhamini huyu wa pili.

Nije kwa mtoto mchanga, na hapa naomba mnisikilize akina mama, bibi, wakunga, wote. Kwa sababu mmea huu ulitumika kutibu umanjano, kuna watu wanadhani unamfaa kichanga mwenye macho ya njano. Usimpe. Kabisa. Njano ya mtoto inatokana na kitu kinaitwa bilirubini, na kwenye damu bilirubini inabebwa na protini ya alibumini, ikiwa imeshikwa hapo haiwezi kuingia kwenye ubongo kirahisi. Berberine inakuja inaisukuma bilirubini itoke kwenye ile protini, inabaki huru, na bilirubini iliyo huru inaingia kwenye ubongo wa kichanga na kuuharibu. Mtoto anaweza kufa, na akipona anaweza kubaki na mtindio wa ubongo au uziwi wa maisha. Wachina walikuwa na desturi ya kuwapa vichanga mzizi mwingine wenye berberine, huanglian, na Singapore waliogopa kiasi cha kupiga marufuku berberine mwaka 1978, marufuku iliyokuja kuondolewa miaka ya 2010 kwa masharti, na tahadhari kwa vichanga bado ipo. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na huo upungufu ni wa kawaida kwenye maeneo yenye malaria, yaani pwani yetu na ukanda wa ziwa, na wazazi wengi hawajui kama mtoto anao. Mtoto akiwa wa njano, hasa njano ikianza siku ya kwanza au ikifika kwenye nyayo, au ananyonya kidogo na analala tu, mpeleke hospitali apimwe, wana taa maalum za bluu zinazoishusha. Mama mjamzito naye asiguse berberine, inaweza kuamsha mfuko wa uzazi na inamfikia mtoto tumboni, na anayenyonyesha vilevile aache.

Alafu kuna kuchanganya na dawa za hospitali. Berberine inazuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, kwa hiyo dawa nyingine inarundikana mwilini kuliko daktari alivyokusudia. Imeshaonekana kwa cyclosporine wanayotumia waliopandikizwa figo, na sababu hiyohiyo inatufanya tuhofie warfarin ya kuzuia damu kuganda, baadhi ya dawa za lehemu, za presha na za moyo. Anayetumia dawa za kisukari akiongeza berberine sukari inaweza kushuka mpaka akazimia, na nyie mnajua mtu akizimia kwenye bodaboda kinachofuata. Ukiwa tayari unaitumia, usione aibu, chukua chupa yenyewe upeleke kliniki, sio jina tu ulilokariri, mana kipimo kilichoandikwa pale ndicho tunachohitaji.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi kwenye matangazo, mmea wenyewe unaumia. Ukichimba mzizi umekiua kichaka, na mahitaji ni makubwa, kwa hiyo sehemu nyingi za Himalaya kimepungua na wataalamu wa India wanakihesabu kati ya mimea ya dawa iliyo hatarini. Kikipungua masoko yanajaza na ndugu zake, Berberis asiatica na Berberis lycium, na kusini mwa India kinachouzwa kwa jina la daruhaldi mara nyingi ni mmea mwingine kabisa unaotambaa, Coscinium fenestratum, nao ni wa njano, nao una berberine, nao unaisha msituni. Kwa hiyo hata ule unga unaoletwa na kuuzwa kwenye maduka ya dawa za Kihindi, Kariakoo au Mombasa, kwa macho tu huwezi kujua ni upi.

Wengine watauliza, kwani huku kwetu hakuna? Upo ndugu yake, Berberis holstii, unaota kwenye nyanda za juu zenye baridi, Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia mpaka Malawi, nao una miiba, maua ya njano na mti wa ndani wa njano, na waganga wa maeneo hayo wanautumia. Yote niliyosema juu ya vichanga, wajawazito na dawa za hospitali yanauhusu pia. Na wakulima wa ngano, msiupande kuzunguka shamba, mimea ya jamii hii inahifadhi ugonjwa wa kutu ya shina unaoimaliza ngano.